Ukija Ibri Mwezi wa Saba

Khelef, sauti yako nimeisikiliza mara tatu,
ya tatu nikiwa jikoni, feni ikiikatakata.
Wataka kuja mwezi wa saba
kwa kuwa shule zimefungwa
na kwa kuwa nauli imeshuka.
Hukujiuliza imeshuka kwa nini.

Basi sikiliza. Huku mchana si wakati, ni ukuta.
Utauchungulia ukiwa ndani, pazia umelishusha,
kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Ukitaka kutembea, toka saa kumi na moja alfajiri
(saa zetu, si zao)
paka wakiwa bado juu ya magari
na mawe bado yanaukumbuka usiku.
Saa tatu uwe umerudi. Mengine tutayasema jioni.

Bomba la baridi usiliguse.
Tangi liko juu ya paa, jua linalichemsha tangu mwezi wa nne.
Sisi huzima hita, tukafungua la moto:
humo ndimo ubaridi ulimojificha.
Wiki ya kwanza utakosea, utapiga ukelele,
na watoto wa Hamdun watacheka ng'ambo ya ua.
Mama alikosea miaka kumi na minne.
"Nchi gani hii," akisema, "la moto ndilo la baridi?"
Akaoga hivyo hivyo,
akiyapuliza maji kwenye kopo kama uji.

Lete makubadhi ya ngozi. Malapa ya mpira yatanata kwenye lami.
Lete kikoi chepesi, kofia yenye masikio,
na sweta. Usinicheke. Benki yao ni Lushoto.
Kahawa utapewa kikombe cha kidole;
ukitosheka kitikise, la sivyo watakumiminia mpaka Isha.
Mchanga uliotaka kuupiga picha
Hamdun atatupeleka, atapunguza upepo wa magurudumu,
lakini usimwahidi mtu picha ya kilima fulani:
vile vilima huhama kama wapangaji, bila kuaga.
Tende zitakuwa zinaiva.
Joto utakalolilaani ndilo litakalokulisha.

Umeniuliza mambo kumi na moja.
Riyali, adapta, leseni, mpaka bei ya tikitimaji.
La kaburi hukuliuliza,
nami sikulitaja,
tumelizunguka kama kiti ambacho mwenyewe katoka kidogo.

Ni dakika nane kwa gari.
Halina jina. Yapo mawe matatu,
ndivyo walivyomwekea, kwa kuwa ni mwanamke.
Siku ile, kwa machozi, niliona mafiga,
nikatafuta chungu.
Safu ya sita kutoka ukutani. Jiwe la kati lina doa jeupe.
Tutakwenda alfajiri, kabla jua halijayashika,
ili uweze kuweka kiganja.
Baadaye hayashikiki. Nimejaribu.

Zawadi usilete. Wala kanga.
Ila ukipata shina la muhogo, mkato wa shubiri moja,
lifunge kwenye gazeti bichi; wakikuuliza uwanjani, sema kweli,
wakilichukua, waachie.
Wake bado uko nyuma ya nyumba,
chini ya kiyoyozi cha chumba chake,
unakunywa matone yanayodondoka.
Aliupanda hapo mwenyewe, alipogundua kuwa mashine inatoa jasho.
Sasa umebaki mmoja, mwembamba, majani tisa.
Kiyoyozi kikizimwa siku mbili, unainamisha kichwa.

Kwa hiyo tunakiwasha.
Mchana kutwa, chumba hakina mtu, kitanda kimetandikwa,
baridi inawalaza nzi.
Bili ya umeme Nasibu huilipa kimya,
huikunja, akaitia mfukoni, akatoka kuswali.

Nilitaka kukwambia usije, ungoje mwezi wa kumi na mbili
kama watu wenye akili.
Lakini nimekwenda kusimama mlangoni pale sasa hivi,
nikashika kitasa, kibaridi.

Njoo. Utalala humo.